Majeshi mawili, jina moja: Jeshi la Tennessee lilikuwa la nani?

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, kwetu ni Langoni, hapa Lamu. Nina kazi ya kulinganisha majeshi ya Kaskazini na Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pamoja na mapigano makubwa waliyopigana. Nimekwama. Jeshi la Tennessee mara ni la Grant, jenerali wa Kaskazini, mara ni la Bragg, jenerali wa Kusini, na hao walikuwa maadui. Tena kuna mapigano ya Bull Run na mapigano ya Manassas, tarehe ile ile. Je, walipigana mara mbili siku moja? Nimekutumia picha ya daftari langu.

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nimeikuza picha ya daftari lako, nikaona ulipofuta, ukaandika, ukafuta tena hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Hukusoma vibaya. Majeshi yalikuwa mawili kweli, na aliyeyachanganya ni mfasiri. Kwa Kiingereza yanatenganishwa na kineno kimoja kidogo, "the", kinachokaa mbele ya jina la mto, nasi kineno hicho hatuna. Ukiyaleta kwenye Kiswahili hivi hivi, yote mawili yanakuwa Jeshi la Tennessee.

Basi andika Jeshi la Mto Tennessee, ambalo ni la Kaskazini, na Jeshi la Jimbo la Tennessee, ambalo ni la Kusini. Desturi ya Kaskazini ilikuwa kuyaita majeshi kwa mito: Potomac, Cumberland, Ohio. Kusini waliyaita kwa majimbo na sehemu zake. Ila desturi hiyo usiishike kwa upofu. Mwaka 1862 Kaskazini ilikuwa na Jeshi la Virginia, chini ya John Pope, na jina hilo si la mto. Halafu jeshi maarufu la Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, ukilifasiri kuwa Jeshi la Virginia Kaskazini, msomaji wako atadhani ni la upande wa Kaskazini. Mimi huandika Jeshi la Lee la Virginia, yakaisha.

Mapigano nayo ni vivyo hivyo. Bull Run ni kijito, Manassas ni makutano ya reli yaliyo jirani. Pigano la 21 Julai 1861 ni moja, lina majina mawili, na Kusini ndio walioshinda. Walirudi kupigana pale pale tarehe 28 hadi 30 Agosti 1862, Pope akashindwa, kwa hiyo kuna la kwanza na la pili. Antietam, kijito, ndiyo Sharpsburg, mji: 17 Septemba 1862, watu wapatao 23,000 wakiuawa, wakijeruhiwa au kutoweka kwa siku moja. Gettysburg, Vicksburg na Fredericksburg hazina taabu hiyo, pande zote ziliziita hivyo.

Sasa, hiyo mito. Kwenye daftari lako umeandika mapigano ya Virginia kurasa tatu, na ya magharibi mistari minne. Hapo ndipo ningekukata alama. Mtu wa Lamu anayajua maji kuliko wengi. Ukienda Pate unapita Mkanda, na maji yakiwa yamekupwa, boti inangoja. Simulizi za wazee wetu juu ya vita vya Shela zinasema Wamombasa na Wapate walishikwa na maji kupwa, vyombo vyao vikakaa mchangani wasiweze kukimbia. Basi itazame ngome ya Fort Henry, kando ya Mto Tennessee. Kusini waliijenga mahali pa chini mno. Tarehe 6 Februari 1862 mto ulikuwa umefurika na maji yameshaingia ngomeni. Manowari za Kaskazini zikaja zikaipiga mizinga, na ngome ikasalimu amri wakati askari wa Grant wa nchi kavu wangali wanakokota miguu kwenye matope. Baada ya hapo manowari zilipanda mto huo hadi Alabama, ndani kabisa ya Kusini. Siku kumi baadaye Fort Donelson, kwenye Mto Cumberland, ikaanguka pia. Ndiyo maana jeshi lile likaitwa kwa mto: mto ndio uliokuwa barabara yake.

Vicksburg ni kazi ile ile kwenye Mto Mississippi. Grant aliuzingira mji siku 47, na tarehe 4 Julai 1863 askari wapatao 29,000 wakajisalimisha. Port Hudson, ngome ya mwisho ya Kusini kwenye mto huo, ilipoanguka tarehe 9, Texas na Arkansas zikawa zimekatwa na Kusini nyingine. Mimi naiweka Vicksburg juu ya Gettysburg, ingawa Gettysburg ina umaarufu zaidi.

Katika kulinganisha, usihesabu ushindi tu. Chancellorsville, Mei 1863, Lee alikuwa na watu kama 60,000 dhidi ya kama 130,000 wa Hooker, jenerali wa Kaskazini, akashinda. Lakini alipoteza kama 13,000, zaidi ya mmoja katika kila watano. Hooker alipoteza kama 17,000, karibu mmoja katika kila wanane. Kusini ilikuwa na watu milioni 9, na kama milioni 3.5 kati yao walikuwa watumwa. Kaskazini ilikuwa na milioni 22. Lee angepata wapi wengine? Na hao watumwa usiwaache ndani ya mabano kama ulivyofanya. Utumwa ndio ulioleta vita, na watu weusi karibu 180,000, wengi wao waliotoroka utumwani, walivaa sare ya Kaskazini. Pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu, kwa hiyo sisi hatuna udhuru wa kulipita neno hilo harakaharaka.

Turudi kwenye mstari uliokutesa. Grant aliliacha Jeshi la Mto kwa Sherman, kisha likawa la McPherson. Bragg aliondoka baada ya kushindwa Chattanooga, Novemba 1863, Jeshi la Jimbo likaenda kwa Johnston, halafu kwa Hood. Majina hayo mawili yalikutana uso kwa uso nje ya Atlanta tarehe 22 Julai 1864. McPherson aliuawa siku hiyo, lakini watu wake hawakuvunjika, na Septemba mji ukatwaliwa. Hood akalirudisha jeshi lake Tennessee kwenyewe, likaumia vibaya Franklin tarehe 30 Novemba, likavunjwa Nashville tarehe 15 na 16 Desemba, ndani ya jimbo lililolipa jina.

Kwa hiyo pale palipokaribia kutoboka, andika: "Atlanta, 22 Julai 1864: Jeshi la Mto Tennessee, Kaskazini, McPherson, dhidi ya Jeshi la Jimbo la Tennessee, Kusini, Hood." Kisha kurasa za magharibi uziongeze, unitumie tena.