Oili gani kwenye bushi? Majibu kwa wenye mashine

Safari hii maswali mengi yamehusu bushi, yaani beringi isiyo na gololi: shafti inazunguka yenyewe ndani ya kipande cha shaba au plastiki. Mtu akiniuliza atie oili gani, nami namuuliza mambo mawili. Shafti inakwenda kasi gani, na imebeba mzigo gani? Ya kasi hutaka oili nyepesi. Ya polepole yenye mzigo mzito hutaka oili nzito au grisi.

Nina mashine ya kukamulia miwa, ya kuzungusha kwa mkono. Bushi za shaba za rola ya juu zinalia na kuisha haraka. Nimetoboa tundu juu ya bushi ili nitie oili, lakini haiingii. (Msomaji, Tanga)

Tundu umelitoboa upande usiofaa, ndugu yangu. Muwa ukipita katikati, rola ya juu husukumwa juu. Shafti yake inaegemea mgongo wa bushi, palepale penye tundu lako, na kuliziba.

Jambo la namna hii lilimshangaza Mwingereza Beauchamp Tower mwaka 1883, alipokuwa akipima beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu upande wenye mzigo, na oili badala ya kuingia ikapanda na kumwagika nje. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akagonga cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, ikasoma zaidi ya paundi 200 kwa inchi mraba, mara mbili ya wastani wa mzigo uliokuwa juu ya beringi. Ndipo ikajulikana kwamba shafti yenye kasi huivuta oili na kuipenyeza chini yake, mpaka inaelea bila kugusa chuma.

Ya kwako haina kasi ya kuelea, kwa hiyo achana na oili, tumia grisi namba 2. Toboa tundu ubavuni au upande wa chini wa bushi, kisha chonga mfereji mwembamba ndani kwa urefu, usifike ncha zote mbili, la sivyo grisi itakimbia. Kingo za mfereji zipige tupa ziwe za mviringo. Kingo kali huikwangua grisi badala ya kuisambaza. Na kwa kuwa juisi inanyweka, nunua grisi ya mashine za chakula, iliyoandikwa H1 kwenye kopo. Ni ghali, lakini hapa sioni njia ya mkato. Jioni ukishaosha mashine, piga grisi tena mpaka itoke safi pembeni, ili isukume nje maji ya sukari.

Shikamoo fundi. Nashona hapa Njombe. Cherehani naitia mafuta ya nazi, na asubuhi inakuwa nzito mpaka miguu inauma.

Marahaba, dada. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Njombe unazijua mwenyewe. Usihamie kwenye alizeti pia: hayo hayagandi, ila yakikaa hewani hugeuka gundi. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye matundu, zungusha gurudumu, futa uchafu unaotoka, rudia mpaka yatoke meupe. Kisha tia oili ya cherehani, tone moja au mawili kila tundu. Shona kwanza kitambaa kibovu kinyonye ziada, usije ukachafua nguo ya mteja.

Feni yangu ya mezani ilikuwa nzito, fundi akaijaza grisi. Sasa inanguruma tu, haizunguki.

Feni nyingi za mezani zina bushi ya unga wa shaba uliobanwa. Ina vitundu vingi visivyoonekana, vyenye oili inayoweza kukaribia thuluthi moja ya ujazo wake. Ikipata joto oili hutoka kwenda kwenye shafti, ikipoa hurudi. Grisi huviziba vitundu hivyo. Chomoa waya kwenye umeme, fungua, osha bushi kwa mafuta ya taa, ikauke, kisha iloweke usiku kucha kwenye oili ya SAE 20 au 30 (SAE ni kipimo cha uzito wa oili, huandikwa kwenye kopo). Loweka na ile pete ya sufi inayoizunguka. Ile dawa ya kupuliza ya WD-40 italegeza kutu, lakini haikai; feni itarudi kulekule.

Bushi ya shaba ya pampu yangu inataka SAE 40. Nina SAE 90 ya gia. Si ndiyo nzito zaidi?

Namba za gia na za injini ni vipimo viwili tofauti. SAE 90 ya gia uzito wake unakaribia SAE 40 au 50 ya injini. Tatizo ni dawa za salfa zilizomo kwenye oili nyingi za gia: bushi ikipata moto, zinakula shaba. Tumia 40.

Oili chafu je? Ni ya bure.

Hapana. Ina masizi, asidi na chembe za chuma. Chembe hizo hujichimbia kwenye shaba laini, na bushi inakuwa msasa wa kuila shafti.

Bushi za rabari za gari zinalia. Nipake grisi?

Grisi ya kawaida huivimbisha rabari nyingi na kuilegeza. Kagua kwanza kama imepasuka, na kama imepasuka badilisha. Ikiwa nzima, paka ya silikoni, kidogo tu.