Njia ipite, ila kwanza waangalie uani kwa watu

Mhariri salaam. Wiki hii mmeuliza hivi, barabara ya mtaa ikiwa inaishia katikati, ni haki kuiendeleza kwa kukata viwanja vya majirani ili itokee upande wa pili? Mimi niko Makorora hapa Tanga na kwetu hilo ndo gumzo la kila baraza sasa hivi, na nyumba yangu iko mwisho kabisa wa hiyo njia, yaani ikifunguliwa mimi ndo wa kwanza kufaidika, na bado hivi wanavyotaka kuipitisha sikubaliani navyo.

Njia tunaihitaji, asikudanganye mtu. Mgonjwa akizidiwa usiku bajaji inaishia konani, watu wanambeba na kiti mpaka pale ndo apelekwe hospitali ya Bombo. Gari la kunyonya vyoo halifiki, zimamoto ndo usiseme.

Tatizo ni ile ramani. Ukiiangalia unaona mstari umepita nyuma ya nyumba tatu, hakuna nyumba inayobomolewa, basi watu wanasema sasa mnalalamika nini, si wanachukua ua tu. Jamani, ua tu? Hizi nyumba zetu za Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, maisha yote yako uani. Kuna bi mkubwa mmoja jirani, siku wanavuta tepu nilikuwepo kwake, kamba imepita juu kabisa ya shimo la choo, kisima kimeponea chupuchupu, jiko lote limeangukia upande wa barabara pamoja na mnazi wake unaozaa mpaka leo. Huyu mama anaishi kwa kupangisha vyumba na asubuhi anapika vitumbua kwenye jiko hilo hilo. Mpangaji gani atakaa nyumba haina choo? Kwenye ramani nyumba yake ipo salama salmini, lakini kodi ishakwenda na vitumbua vishakwenda.

Wengine wanatolea mfano Ngamiani, hapa hapa Tanga, mbona barabara zimenyooka zina mpaka namba. Sawa, ila kule palipimwa kwanza ndo watu wakajenga, huku kwetu watu walijenga kwanza, sasa huwezi kumgeuzia kibao mzee wa watu kama vile yeye ndo kaziba njia.

Halafu lipo hili la "tuachie bure kwa ajili ya maendeleo", kama inavyofanyika kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja pale watu walipokwisha kujenga. Kila mtu kuachia kidogo mbele ya nyumba yake hapo sina neno, lakini familia tatu zitoe ua mzima halafu sisi wengine wote viwanja vyetu vipande bei, hiyo hapana. Katiba ibara ya 24 inalinda mali ya mtu, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na sio ya ukuta tu, kuna thamani ya ardhi, kuna mazao na miti, kuna posho ya usumbufu, na posho ya makazi ambayo inapigwa kodi ya pango ya mwezi mara 36. Tena sheria ya uthamini ya 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miaka 2 tangu mthamini mkuu aidhinishe, ile tathmini imekufa, inafanywa upya. Kwa hiyo majirani zangu wakiletewa fomu wasisaini bila kubaki na nakala, na greda lisiwashwe kabla hela haijaingia.

Mimi naona upana upunguzwe, bajaji na gari la wagonjwa vipite inatosha, na mstari usogezwe upande wa pili ambako kuna ukuta wa godauni na nyuma yake majani matupu. Wakishindwa kuusogeza wote basi sisi tunaofaidika tuchange, mimi nitatoa, bi mkubwa ajengewe choo na jiko upande wa pili wa ua wake, vianze kutumika, ndo vile vya zamani vibomolewe.