Muulize Kinyozi: Wembe wa bei mbaya ndio unaonyoa vizuri?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni karani, naishi Tabata, na kazini kwetu ndevu hazitakiwi, kwa hiyo nanyoa mara tatu kwa wiki. Natumia mashine ya nyembe tano. Mpini niliupata kwa ofa, lakini vichwa vyake nanunua supamaketi, pakiti ya vinne shilingi 32,000. Kichwa kimoja kinanifikisha kama mara kumi, halafu kinaanza kuvuta. Mwenzangu ofisini anatumia zile za kutupa za mpini wa plastiki, 600 moja dukani kwa Mangi, anasema ananyolea mara tatu. Baba yangu kule Muheza ana mashine yake ya chuma tangu niko mdogo. Anatia kiwembe cha 200 na kinamtosha mara nne. Mashine kama ile nimeiona Kariakoo kwa 30,000. Halafu shingoni nina vipele haviishi. Nihamie wapi? – B.M., Tabata

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Ubarikiwe kwa kuniletea bei. Wengi hunitumia ujumbe wa maneno manne, “wembe gani mzuri mzee”, nikabaki nakuna kichwa.

Bei ya pakiti iache, tafuta bei ya kunyoa mara moja. Kichwa chako kimoja ni 8,000, ukigawa kwa mara kumi ni 800 kila unapojitazama kwenye kioo. Mwenzako 600 kwa mara tatu, ni 200. Mzee wa Muheza 200 kwa mara nne, ni 50. Yaani pesa unayonyolea wewe siku moja, baba yako ananyolea mara 16. Na usidhani ndevu za Muheza ni laini.

Sasa weka hiyo mashine ya 30,000. Kwa kuwa wewe unaokoa 750 kila ukinyoa, baada ya kunyoa mara 40 mashine imejilipa. Kwa mwendo wako ni miezi mitatu na kidogo. Mwenzako anaokoa 150 tu, itamchukua mara 200, mwaka na zaidi. Yeye akiniuliza nitamwambia asiwe na haraka. Wewe nakwambia nenda.

Kwa nini vichwa ni ghali hivyo? Kwa sababu umefungwa. Kichwa cha Mach3 hakiingii kwenye mpini wa Fusion, na zote mbili ni za Gillette. Ukishachukua mpini kwa bei ya chee, utarudi kwa mwenyewe mpaka uchoke. Kiwembe bapa chenye makali pande mbili hakina habari hiyo: cha kampuni yoyote kinakaa kwenye mashine yoyote ya namna ya baba yako. Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake, ya mashine ya aina hiyo mwaka 1904, na ulinzi wa hataza yake ulikwisha zamani, ndiyo maana viwembe vinatengenezwa na kila mtu na bei iko chini. Baada ya hapo ikawa biashara ya kuongeza nyembe: mbili mwaka 1971, tatu mwaka 1998, tano mwaka 2006. Nasubiri ya kumi.

Tuje kwenye shingo yako, maana hapo ndipo pesa inapouma mara mbili. Mashine ya nyembe nyingi inafanya hivi: wembe wa mbele unaukamata unywele na kuuvuta juu kidogo, wa nyuma yake unaukata kabla haujarudi. Unaporudi, ncha yake inazama chini ya ngozi. Ndiyo maana ukipitisha kiganja unahisi laini kama shavu la mtoto. Lakini nywele zetu za kipilipili haziendi moja kwa moja. Zinaota zikijikunja, na ile ncha iliyochongoka inachoma ngozi kutokea ndani, au inatoka na kuingia tena pembeni. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Hicho ndicho kipele chako. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, na kwa ndevu zetu usawa wa ngozi unatosha kabisa.

Ila usianze leo. Shingo iliyokwisha umuka haiponi chini ya wembe wowote, hata wa dhahabu. Kaa wiki kadhaa ukipunguza kwa mashine ya umeme inayoacha ndevu kama milimita moja, mweleze bosi wako ni ngozi. Ukiona usaha, au makovu yanayoinuka na kuwa magumu, acha kunisoma mimi, nenda kliniki ya ngozi.

Ukishatulia, jifunze mkono, kwa sababu mashine ya chuma haina huruma na mtu anayekandamiza. Nyoa ukitoka kuoga, unywele ulioloa unakatika kwa nguvu kidogo sana kuliko mkavu. Paka povu, lisubiri. Shika mpini kwenye ncha yake ya chini, ulaze mpaka usikie kiwembe kinakwaruza kwa sauti nyembamba, kisha shuka nao kuelekea ndevu zinakolala. Uzito wa chuma unatosha, usiusaidie. Shingoni papase kwanza kwa kidole: watu wengi ndevu za pale zinalala kwa ubavu, si kwenda chini, na ndipo wanapojikata.

Kuhusu kiwembe kinadumu siku ngapi, wateja wangu hubishana sana hapa kibarazani. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walichapisha jambo kwenye jarida la Science mwaka 2020: unywele ni laini kuliko chuma cha wembe karibu mara 50, lakini bado unamegua makali yake, vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo kusugua wembe kwenye jinzi au kiganja hakurudishi kilichomeguka. Kikianza kuvuta, badilisha. Ni shilingi 200, bwana.

Za kutupa sizidharau. Ukisafiri, au ukilala ugenini, ni msaada. Kasoro yake ni nafasi kati ya nyembe: finyu, ndevu nene zinajaa humo, unagonga sinki mpaka wenye nyumba wanaamka.

SWALI: Viwembe nilivyonunua kwa machinga vilinichana siku ya kwanza tu. Vya bandia nitavijuaje? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Tazama kipakiti: maandishi yaliyofifia, jina lililokosewa herufi moja, gundi iliyomwagika. Kisha fungua karatasi ya ndani. Ukikuta kutu au doa la kahawia, si cha kunyolea, kikatie uzi. Nunua dukani, uombe risiti. Bidhaa bandia unaweza kuziripoti Tume ya Ushindani, FCC. Na ukija saluni, yangu au ya mtu mwingine, usikubali kiwembe usichokiona kikifunguliwa. Mimi nakivunja katikati mbele ya mteja kikiwa bado ndani ya karatasi yake, kinalia tak, nusu naiweka kwenye kishikio, nusu nyingine inabaki imefunikwa. Damu isiyoonekana inaweza kubeba virusi vya homa ya ini au vya Ukimwi. Hata mume na mke, kila mtu na wake. Vilivyotumika tia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye tundu jembamba kwenye mfuniko, siyo kwenye mfuko wa taka. Wazoa taka wana vidole.

SWALI: Kaka, nyembe za waridi za akina dada zina tofauti gani na za wanaume, mbona bei iko juu? – Mama Nasra, Kigamboni

JIBU: Dada yangu, kichwa chake huwa cha mviringo kidogo kwa ajili ya goti na kwapa, na mpini ni mnene usiteleze bafuni. Hayo yana maana kidogo. Rangi haina maana yoyote. Zikiwa rafu moja na idadi ya nyembe ni ile ile, chukua ya bluu, na umfiche baba Nasra asiiguse.