Maswali ya Wasomaji: Kapu la Sadaka, Fedha za Paa na Kumbukumbu za Kikao

Mweka hazina wetu huichukua sadaka ya Jumapili, akaihesabu nyumbani kwake, na kesho yake akaipeleka benki. Ni mtu mwaminifu, hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Nikileta hoja ya kubadili utaratibu huu ataona ninamshuku. Nianzie wapi? – Mzee wa kanisa

Anza kwa kumtetea yeye. Siku muumini akidai kwamba bahasha yake ilikuwa na kiasi kikubwa kuliko kilichoandikwa, mweka hazina aliyehesabu peke yake hana shahidi. Soma naye 2 Wafalme 12:10. Fedha zilipokuwa nyingi katika sanduku la hekalu, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikwenda pamoja, wakazitia mifukoni na kuzihesabu. Mmoja wa ikulu, mwingine wa madhabahu, na hatusomi popote kwamba kuhani mkuu alinuna.

Sasa utaratibu wenyewe. Hesabu ifanyike kanisani mara ibada inapokwisha. Wahesabuji wasipungue wawili, watatu ni bora zaidi, wapokezane kwa zamu na wasitoke nyumba moja. Mume na mke wakihesabu pamoja, mbele ya waumini wanahesabika kama mtu mmoja. Mweka hazina naye asihesabu, kwa sababu ndiye atakayeandika daftari, na daftari lake linapaswa kupimwa kwa karatasi ambayo hakuiandika yeye.

Kwanza tenganisheni mafungu: sadaka ya kawaida, fungu la kumi, shukrani, jengo. Mkichanganya kabla ya kuhesabu hamtaweza kutenganisha tena. Bahasha zifunguliwe moja moja mbele ya wote. Kiasi kilichoandikwa juu kikipishana na kilichomo, andikeni kilichopatikana, wahesabuji watie sahihi kwenye bahasha hiyohiyo, nayo itunzwe. Noti zipangwe kwa thamani, zielekee upande mmoja, zifungwe mia mia. Kila mmoja ahesabu bila kutaja alichopata, ndipo mlinganishe.

Mkipishana, msikimbilie kurudia kila kitu. Itazameni tofauti yenyewe kwanza. Ikiwa ni sawa na thamani ya noti moja, huenda kuna mbili zimegandana. Ikiwa inagawanyika kwa 9 bila baki, mara nyingi ni tarakimu zimepishana nafasi wakati wa kuandika: mmoja kaandika 5,400, mwenzake 4,500, tofauti 900.

Karatasi ya hesabu ioneshe tarehe, ibada, idadi ya kila aina ya noti na sarafu, jumla ya kila fungu, na jumla kuu kwa tarakimu na kwa maneno. Wahesabuji wote watie sahihi. Nakala moja iende pamoja na fedha, ya pili kwa mweka hazina, ya tatu ibaki kwa katibu. Hiyo ya tatu ndiyo makanisa mengi huipuuza, nayo ndiyo itakayohitajika siku ya ukaguzi.

Kisha kuna kosa ambalo hata makanisa yenye wahesabuji wazuri hulifanya: kuchota kapuni kabla ya kupeleka benki. Mhubiri mgeni anataka nauli, fundi wa vipaza sauti anasubiri mlangoni, na kapu liko karibu. Ukilipa hapo, mapato yataandikwa pungufu na matumizi hayataonekana kabisa, hivyo makosa mawili yanafichana. Fedha yote iende benki kama ilivyohesabiwa, na hati ya benki ilingane na karatasi ya hesabu mpaka senti ya mwisho. Nauli ya mgeni itolewe kwenye kisanduku cha matumizi madogo. Kisanduku hicho kiwe na kiwango maalumu, tuseme 50,000. Kila kinachotoka kiache risiti au hati iliyotiwa sahihi, ili saa yoyote fedha iliyobaki pamoja na risiti zifike 50,000. Zisipofika, tafuteni sababu siku hiyohiyo.

Tulichanga fedha za paa. Miezi miwili baadaye kamati ikazitumia kulipa umeme na posho, ikisema akaunti ni moja na kanisa ni moja. Je, ni kosa? – Mwanakwaya

Akaunti moja si kosa. Kosa ni kuisoma taarifa ya benki kana kwamba kila kilichomo kinatumika kwa lolote. Benki ikionesha 900,000, na ndani yake 640,000 ni za paa na 110,000 za wahitaji, basi kanisa lina 150,000 za matumizi ya kawaida. Daftari lenye safu ya kila mfuko lingelionesha hilo kabla hundi haijaandikwa. Kila mwezi mweka hazina alete mezani salio la kila mfuko, na jumla ya mifuko hiyo ilingane na benki baada ya kutoa hundi ambazo hazijalipwa.

Fedha iliyoombwa kwa ajili ya paa, waliotoa waliitoa kwa paa. Nchi nyingi sheria huihesabu kuwa amana, kwa hiyo msidhani ni suala la maadili tu. Kwa hili lililokwisha kutokea, kamati iandike kiasi kilichochukuliwa na tarehe za kukirejesha, na waumini waambiwe. Na kwa changizo lijalo, semeni tangu siku ya kwanza ziada itaenda wapi paa likikamilika, na fedha zitafanyiwa nini zisipotosha. Sentensi mbili kwenye tangazo zinatosha.

Mimi ni katibu mpya. Kumbukumbu zangu zinafika kurasa tisa, na kila kikao saa nzima inapotea watu wakibishana nani alisema nini. – Katibu

Unaandika mazungumzo, na kikao kinahitaji maamuzi. Mbishi anayelikuta jina lake kwenye kumbukumbu hawezi kuacha kujitetea. Andika tarehe, mahali, waliohudhuria, waliotoa udhuru, na kama akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao, ilitimia. Hili la akidi usiliruke: bila akidi, uamuzi wa kuuza kiwanja unaweza kutenguliwa na mtu mmoja mwenye katiba mkononi. Kisha kila ajenda ipate namba, mambo mawili matatu ya msingi yaliyozingatiwa, uamuzi, nani atautekeleza na lini. Kura zikipigwa andika idadi. Mwenye maslahi katika jambo, mathalani duka la ndugu yake linaomba zabuni, aandikwe kwamba alitangaza hivyo na akatoka nje.

“Kamati ilikubaliana suala la uzio lishughulikiwe” si uamuzi. Na nani? Kwa kiasi gani? Kabla hujafunga ajenda, usomee kikao sentensi ya uamuzi papo hapo. Mwenyekiti asiyependa kukatizwa atazoea. Rasimu isambaze ndani ya siku tatu, watu wangali wanakumbuka. Ikithibitishwa kikao kijacho, mwenyekiti na wewe mtie sahihi kila ukurasa.

Jina limekosewa katika kitabu cha ubatizo. Tulifute kwa dawa ya kufutia? – Karani wa usharika

Hapana. Pitisha mstari mmoja juu ya kosa, lakini lisomeke. Andika jina lililo sahihi juu yake, na pembeni weka tarehe, sababu na sahihi za watu wawili. Tumia wino usiofutika kwa maji. Kitabu cha ndoa usikiguse kabla hujaiuliza mamlaka inayosajili ndoa, maana mahali pengi hicho ni kumbukumbu ya serikali pia.

Mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoamuru kila parokia Uingereza iandike ubatizo, ndoa na maziko, aliagiza kitabu kikae ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padri na mwingine kwa walinzi wa parokia. Kabati la chuma lenye funguo mbili linafanya kazi hiyo leo. Piga picha kila ukurasa mara unapojaa, na picha hizo zisitunzwe katika jengo lilelile lenye kitabu.