Lowesha Poni Kabla ya Kuandika Rangi Yake

Kwa nyinyi mnaoanza kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, huku Njoro, Gilgil na Naivasha: mtakabidhiwa daftari la farasi kabla hamjazoea hata majina yao, na mojawapo ya mambo ya kwanza ya kujaza ni rangi. Msifanye haraka. Mnyama hurithi mengi kuliko yanayoonekana, na kosa la daftari humfuata hadi siku ya kuuzwa au kupandishwa.

Farasi ana rangi mbili tu za msingi, nyeusi na nyekundu. Uwezo wa kutengeneza nyeusi ndio unaotawala, kwa hiyo poni mwekundu amepokea jeni ya wekundu kwa baba na kwa mama. Wekundu wawili hawazai mweusi, wala kahawia mwenye singa nyeusi. Mkiambiwa wamezaa, ulizeni upya dume alikuwa yupi.

Wanaotatiza zaidi ni weupe. Wengi wao walizaliwa wekundu, weusi au kahawia, kisha jeni moja ikaziingiza mvi nywele zao mwaka baada ya mwaka. Watafiti wa Uppsala, Uswidi, waliieleza mwaka 2008: ni kipande cha DNA kilichojirudia ndani ya jeni ya STX17. Nakala moja yatosha, hivyo lazima mzazi mmoja awe nayo. Kwa mtoto, chunguzeni kuzunguka macho. Mara nyingi mvi huanzia hapo.

Ngozi ya poni huyo hubaki nyeusi, ila pale alipozaliwa na alama nyeupe. Hapo ngozi ni ya waridi. Nywele zikiwa kavu huoni tofauti. Mwagieni maji usoni na miguuni, mchana, na baka la paji pamoja na soksi, yaani weupe wa miguuni, vitajitokeza. Chora papo hapo, kabla hajakauka. Naipenda kazi hii kuliko zote za bandani, kwa sababu alama hizo ndizo zinazomtambulisha hata akiwa mzee mweupe pepe. Mkiwa hapo, inueni mkia mpapase: uvimbe mweusi chini yake ni wa kumwita daktari wa mifugo, maana farasi hawa hupata sana saratani ya chembe za rangi. Na pua za waridi zipakwe dawa ya kuzuia jua. Nakuru iko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari.

Kuna yasiyofichuliwa na maji. Jeni ya fedha, iliyoenea kwa poni wa Shetland, hupausha nyeusi peke yake, kwa hiyo mwekundu huibeba bila dalili. Si urembo tu: mwenye nakala mbili huwa na kasoro kubwa zaidi za macho. Jeni ya mabaka ya ubavuni, ya farasi wenye asili ya Marekani, inanitia hofu zaidi. Mbebaji anaweza kuwa na weupe kidogo sana, lakini wabebaji wawili wakipandishwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mweupe asiye na neva za utumbo, naye hufa ndani ya siku chache.

Kwa hiyo damu ya Marekani ikitajwa, mwombeni mwenye poni kipimo cha DNA kabla ya kupandisha. Nywele za singa au mkia zing'olewe na mizizi yake, zisikatwe, ziwekwe kavu kwenye bahasha ya karatasi, na jina liandikwe kabla hamjamgusa poni mwingine.