Dhahabu inatoka nyeupe pichani

SWALI: Wahariri, salaam. Mwezi ujao nasafiri kwenda Thailand na Laos. Nikipiga picha vitu vya rangi ya dhahabu ndani ya nyumba, vinatoka vyeupe tupu. Nifanyeje kwa sanamu za Buddha? Na watawa je?
Msomaji, Area C, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kamera inapima giza la ukumbi, inaongeza mwanga, na dhahabu inaungua, yaani inatoka nyeupe tupu. Punguza mwanga kwa kitufe cha +/- hadi -1, au -1.7 sanamu ikiwa inamulikwa na taa. Giza la pembeni utalifufua baadaye kwenye kompyuta; dhahabu iliyoungua hairudi. Zima flashi, maana inaacha doa la mwako mahali panapong'aa. Sanamu haitembei, hivyo egemea nguzo, shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/30 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800. Buddha aliyelala wa hekalu la Wat Pho, Bangkok, ana urefu wa mita 46: simama upande wa miguuni na lenzi pana ya milimita 24. Ndani ya ukumbi wa Buddha wa Zumaridi, hekalu la Wat Phra Kaew, Bangkok, kupiga picha ni marufuku.

Watawa wa Luang Prabang, Laos, hupita alfajiri kupokea sadaka ya chakula. Ni ibada, si maonyesho. Kaa ng'ambo ya barabara, lenzi ya kuvuta mbali, milimita 85 au zaidi, wala usiwakatie njia. Wanatembea, hivyo shata isipungue 1/125. Alfajiri mwanga ni hafifu, hivyo ISO 3200 si kosa. Ukitaka picha ya mtawa mmoja, omba ruhusa kwanza, mwanamke asimguse.

Kabla ya safari, jizoeze na sinia la shaba kwenye chumba chenye giza na taa moja.