Dexa ikipita mwezi, ulizia Septrini

Wadogo zangu mnaoanza rotesheni wodi ya saratani, majina ya kemo yasiwatishe, mtayazoea tu. Mi nataka mshike hesabu moja: mgonjwa wa saratani akila predinisoloni (steroidi) miligramu 20 au zaidi kwa siku, na ikaenda wiki nne au kupita, huyo wa kupewa Septrini (kotrimoksazoli) kumkinga na PCP, ile nimonia ya fangasi. Predi mtaiona, inayowaponyoka ni dexa (deksamethasoni, steroidi yenye nguvu zaidi), maana kwenye faili imeandikwa 4 unaona kitu kidogo, kumbe dexa miligramu 3 ni kama predi 20, kwa hiyo yule mwenye uvimbe kichwani anayekula 4 mara mbili ashavuka zamani.

Sasa kuandika tu haitoshi. Nilipokuwa mgeni kama nyie nilimwandikia mama mmoja wa Mbagala, vizuri kabisa, nikasahau kumweleza. Kafika nyumbani jirani kaziona, "shoga, hizi si zile za CTC?" Yaani za kliniki ya VVU. Basi akazificha kwenye kopo la sukari, hakumeza hata kimoja. Baadaye tukiwa tunashusha dexa (hapo ndo PCP hupenda kutokea, msije mkadhani mkipunguza hatari imeisha) karudi, kikohozi kikavu, joto la kawaida, kifua ukisikiliza hamna kitu, oksimita (kipima oksijeni cha kidoleni) amekaa inasoma asilimia 94. Nikataka kumruhusu. Sista mmoja mzoefu akaniambia mtembeze kwanza. Tukaenda naye koridoni taratibu mpaka mlango wa stoo, 83, hawezi kumaliza sentensi. Alipona, ila alikaa sana kwenye oksijeni.

Siku hizi naanza na maneno: mama, hizi wanapewa wengi, wewe unapewa kulinda mapafu kwa sababu dexa imelaza kinga yako. Dozi ya Septrini ya kinga ni miligramu 480 kila siku, au 960 mara tatu kwa wiki. Uliza aleji ya salfa, angalia figo na potasiamu, na kama yuko kwenye methotrexate (moja ya dawa za kemo) ongea na mfamasia kwanza, hizo mbili pamoja zinaweza kumaliza damu. TB nayo msiisahau, steroidi zinaficha homa.

Akirudi kliniki usimuulize "unameza?", wote watakwambia ndiyo. Mwambie aje na vidonge vyake, uhesabu mwenyewe.